Rais wa Kwetu Lancaster

Tangu nilipopata uraia na jina langu kuingia katika daftari la wapiga kura la Pennsylvania, sijapata kulala mchana kwa amani katika mwaka wa uchaguzi. Nafanya zamu ya usiku katika ghala moja nje kidogo ya mji wa Lancaster. Narudi nyumbani saa moja asubuhi, nakunywa chai, najitupa kitandani, na kabla usingizi haujakolea mlango unagongwa. Nikifungua, nawakuta vijana wawili wenye tabasamu pana, wananiita kwa jina langu kamili, ambalo msimamizi wangu wa kazi hajaweza kulitamka sawasawa kwa miaka tisa, kisha wananiuliza kama mgombea wao anaweza kuitegemea kura yangu. Kwa kuwa nimelelewa kutomvunja mgeni moyo, nawajibu kwamba wasiwe na shaka. Saa nane mchana wanafika wapiga debe wa upande wa pili, nao nawaambia wasiwe na shaka. Kufikia Oktoba 2024 nilikuwa nimekwisha kuahidi kura nne, na mke wangu akaniuliza hizo tatu za ziada nitazitoa wapi.

Chanzo cha adha hii ni hesabu. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima, bali kwa kura za wajumbe 538 waliogawiwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Pennsylvania ina wajumbe 19, ambao wote humwendea mshindi wa jimbo, na kwa kuwa hakuna ajuaye itaangukia upande gani, wagombea wote wanatupenda mapenzi ya kutisha. Binamu yangu yuko California, jimbo lenye wajumbe 54, na anaapa kwamba hajagongewa mlango hata siku moja, maana mshindi wa huko hujulikana kabla kampeni hazijaanza. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni tatu nchini kote, akashindwa vilevile, na hapa kwetu alipungukiwa na kura kama 44,000 tu. Nikiikumbuka hesabu hiyo naelewa kwa nini sanduku langu la barua linafurika vipeperushi vya karatasi nzito ya kung'aa, ambavyo havifai hata kuwashia mkaa wa mishikaki.

Hata hivyo, kugongewa mlango ningalikuvumilia. Kinachonikera ni kutakiwa nimpime rais bila kupewa mizani. Mimi ghalani napimwa kwa kifaa cha mkononi kinachohesabu makasha, na nikizembea robo saa msimamizi anajua kabla sijajua mwenyewe. Rais anapimwa kwa mayai. Jirani yangu Papa Furaha, Mkongo wa Uvira, alimlaani rais mmoja msimu mzima wa kampeni kwa sababu ya bei ya mayai. Ilipofika Machi 2025, baada ya mafua ya ndege kuteketeza kuku kwa mamilioni, dazeni moja ilipita wastani wa dola sita, na aliyelaaniwa alikuwa ameshaondoka Ikulu, aliyeahidi nafuu ameshaingia. Papa Furaha alihamishia laana zake kwa huyo mpya bila kubadilisha neno hata moja. Nilipomwambia kwamba huenda kosa lilikuwa la virusi, alinitazama kama mtu aliyehongwa na kuku.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1980 Ronald Reagan aliwauliza Wamarekani kwenye mdahalo kama hali zao zilikuwa nzuri kuliko miaka minne iliyotangulia, na swali hilo likammaliza Jimmy Carter, rais wa wakati ule. Ni swali zuri, lakini ukiliuliza juu ya Rais Lyndon Johnson utajibiwaje? Mwaka 1965 alitia saini sheria ya Medicare, bima ya wazee ambayo hadi leo inamlipia dawa za presha bibi wa ghorofa ya chini, na mwaka huohuo akamwaga askari Vietnam. Kifaa changu cha makasha hakina kitufe cha kuhesabu mtu kama huyo.

Sisi wa Lancaster tuna rais wetu wenyewe, na hapo ndipo aibu inapoanza. Nyumba ya James Buchanan, Wheatland, ni makumbusho, na binti yangu Zuhura alinivuta huko siku yangu ya mapumziko, nikiwa na matumaini kwamba mtu wa kwetu atakuwa amefanya la maana. Wanahistoria wanapowapanga marais, Lincoln huwa kileleni na Buchanan wetu huwa mkiani. Majimbo ya Kusini yalipoanza kujitoa katika Marekani mwishoni mwa 1860, alilieleza Bunge kwamba majimbo hayana haki ya kujitoa, na kwamba serikali nayo haina mamlaka ya kuyalazimisha yabaki. Alipomkabidhi Lincoln madaraka Machi 1861, majimbo saba yalikuwa yameshaaga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika kampeni ya 1856 Buchanan alikaa zake hapohapo Wheatland, kama ilivyokuwa desturi ya wagombea wa wakati ule, wala hakuzunguka kumsumbua mtu. Yaani mgombea pekee ambaye angeniacha nilale ndiye huyo wa mkiani.

Niliporudi nilimsimulia mke wangu yote hayo kwa kirefu jikoni, mkono mmoja nimeegemea sinki, ambako bomba limekuwa likidondoka tangu Ramadhani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Baba Zuhura, na mimi nikupime? Hali ya jiko hili ni nzuri kuliko miaka minne iliyopita?"

Nikamjibu, kwa sauti ya kiongozi, kwamba bomba halina haki yoyote ya kuvuja, lakini mimi nami sina mamlaka ya kulilazimisha liache.

Hakucheka. Alifungua kabati, akatoa spana, akaiweka juu ya vipeperushi vilivyokuwa vimetandazwa chini ya sinki kunyonya maji, na akaenda kulala.