Njoo Kampala Aprili, usije Desemba

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia sauti ya dakika sita WhatsApp. Tano za kwanza zilikuwa salamu na habari za Mwanza. Ya sita ndiyo iliyobeba mzigo: mwisho wa mwaka anafunga kibanda chake cha kushona pale Kirumba, anamchukua mtoto, anakuja Kampala moja kwa moja. "Kaka, wewe si uko huko? Nije kuchungulia nini tena?"

Nimemwambia aje kwanza kuchungulia, asije Desemba, na akija asifikie kwangu. Hilo la mwisho limezua maneno nyumbani.

Mimi nilichungulia, tena nikajiona mjanja. Nilikuwa nimepata kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya mizigo maeneo ya Nakawa, nikaja siku nne kati ya Krismasi ya 2021 na Mwaka Mpya, nikafikia kwa binamu yangu Muyenga. Akanizungusha na gari lake. Muyenga hadi Kyaliwajjala tulitumia nusu saa na ushee, barabara nyeupe. Nikaonyeshwa chumba na sebule, kibaraza kinatazama migomba, jioni kimya mpaka unasikia mwenzako akikoroga chai. Dalali akasema miezi mitatu. Mitatu! Mtu natoka kwetu ambako mwenye nyumba anadai sita, wengine mwaka mzima, nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikalipa palepale.

Kumbe jiji nililoliona halikuwepo. Krismasi Kampala inahama. Watu wanakwenda vijijini kwao Masaka, Mbarara, Mbale, na anayebaki anaweza kulala katikati ya barabara. Halafu mwaka ule shule za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, ukiacha vipindi vifupi ambavyo baadhi ya madarasa yaliitwa. Juu ya hapo kulikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni, na baa zilikuwa zimefungwa muda wote huo. Yaani nililipa kodi kwa ajili ya ukimya wa serikali.

Nilihamia Jumamosi, tarehe 8 Januari 2022. Jumatatu tarehe 10 shule zikafunguliwa. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nikafika Nakawa saa tatu kasorobo. Taksi (huku taksi ndiyo hiyo daladala ya watu kumi na wanne, nyeupe yenye mstari wa bluu) ilisimama Kireka kwenye foleni mpaka konda akashuka, akaagiza rolex, akasubiri mayai yaive na chapati ikunjwe, akala, akanawa, akarudi akatukuta palepale. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Tarehe 24 Januari amri ile ikaondolewa, baa zikafunguliwa. Ndipo nilipojua nyuma ya migomba yangu kuna nini. Watu walikuwa na kiu ya karibu miaka miwili na waliamua kuimaliza Ijumaa moja. Spika ilikuwa inatazama dirisha la chumba changu kama vile iliwekwa kwa vipimo.

Na Juni sijaisema. Kyaliwajjala iko njiani kwenda Namugongo, mahali walipochomwa baadhi ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni 1886, na kila mwaka siku hiyo mahujaji wanamiminika kwa miguu kutoka kila pembe, barabara zinafungwa. Shangazi yangu wa Bukoba alifurahi sana kusikia ninapoishi. Alikuja na wanaparokia wenzake wanane. Nilimpenda shangazi kabla ya hapo na nampenda bado, lakini usiku ule nililala bafuni nimekunja miguu.

Binamu yangu hakunidanganya hata neno moja. Ndiyo tabu ya kuuchungulia mji ukiwa mgeni wa mtu: mwenyeji kazi yake ni kukupambia. Anakupeleka Ggaba kula samaki, anachagua njia isiyo na mashimo, anamwambia dalali "huyu ni ndugu yangu". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa nne na jembe sikuliona. Anayekuja kuangalia pa kuhamia aliombe siku ya kwanza, kabla hajafungua begi.

Kwa hiyo mdogo wangu nimempangia hivi. Aje Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea na shule bado hazijafungwa. Achukue chumba cha kulala wageni katika mtaa anaoumudu, siyo ninaoumudu mimi, akae siku kumi zenye Ijumaa mbili ndani yake. Asubuhi aamke aende mjini kama anakwenda kazini, jioni arudi na wanaorudi. Akiona chumba kizuri asubuhi, arudi kukiangalia baada ya mvua. Kuna mabonde huku, Bwaise kwa mfano, ambayo ukiyaona Desemba utasema kodi imeshuka kwa huruma ya mwenye nyumba.

Nauli nayo anatakiwa aione mwenyewe, maana nikimweleza hanielewi. Kwetu LATRA, wadhibiti wa usafiri, wanapanga nauli, konda akizidisha abiria wanamshukia. Huku nauli ni hali ya hewa. Asubuhi elfu mbili, mvua ikidondoka elfu tatu, na mkesha wa sikukuu usiulize. Taksi yenyewe haina maandishi ya njia, unasikiliza midomo ya konda. Na ukitaka kushuka, "shusha!" yetu haifanyi kazi, unasema "mu maaso awo", hapo mbele, tena kwa sauti ya mtu aliyezaliwa hapo, vinginevyo wanakupitisha.

Naam, lugha. Mdogo wangu anaamini Kiswahili kitamtosha kwa sababu amesoma mahali kwamba ni lugha rasmi ya Uganda. Kweli, Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini mama muuza nyanya wa soko la Nakawa hakuwepo kwenye kikao. Siku ya kwanza nilipomsalimia kwa Kiswahili changu cha Mwanza alirudi nyuma kidogo, akauliza: "Oli mujaasi?" Wewe ni mwanajeshi? Kwa watu wengi wa umri wake Kiswahili ni lugha ya kambini, ya kizuizi cha barabarani, ya anayegonga mlango usiku. Sasa ananiongeza nyanya mbili na ananisahihisha Kiganda changu mbele ya wateja. Mwenye nyumba wangu wa kwanza, mzee wa miaka sabini na kitu, hakuniita jina hata siku moja. Aliniita "mukomboozi", kama walivyowaita askari wetu walioingia Kampala Aprili 1979 kumng'oa Idi Amin. Alikuwa anatabasamu akilisema, na mpaka nahama sikujua tabasamu lile lilikuwa la shukrani au la kitu kingine.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mpwa wangu. Yuko darasa la tatu shule ya serikali, anasoma kila kitu kwa Kiswahili, na hesabu anazijua. Shule za Kampala zinafundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mtoto wa kwanza darasani kwake Mwanza anaweza kukaa huku kama bubu, na shule nyingi zitasema arudishwe nyuma madarasa mawili. Hilo haliulizwi kwa simu. Namtaka mama yake aje naye, wazunguke shule tatu nne, mtoto afanyiwe usaili, yeye mwenyewe aone uso wa mwalimu. Na ada akitajiwa, aulize orodha ya vitu vya kuleta: rimu za karatasi, karatasi za chooni, mifagio, sabuni. Mzazi mgeni anaiona orodha hiyo wakati ameshalipa.

Kuhusu kazi yake, nimemwambia siku mbili nzima akae Kiyembe kwenye vitambaa na mafundi. Anashona vitenge vizuri, sikatai, lakini huku pesa iko kwenye gomesi, gauni refu la heshima la wanawake wa huku, maana hakuna kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, isiyo na wanawake ishirini waliovaa gomesi mpya. Bega la gomesi linasimama lenyewe na lina ncha; mkanda wake unafungwa chini ya kiuno na lazima uanguke mbele kwa namna fulani, la sivyo mama mkwe wa mtu anaudhika. Fundi wa Kirumba hajifunzi hilo kwa picha. Na wateja wake wote anawapata Facebook, ambayo huku ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Hilo nalo nimemweleza, akadhani natania.

Msije mkasema naisema vibaya Kampala. Nimehamia Mbuya, natembea kwenda kazini, na kodi bado ni ya miezi mitatu. Umeme ni wa kujaza, Yaka badala ya LUKU, unakatika vilevile. Ziwa ni lile lile: sato wanamwita ngege, sangara ni mputa, dagaa ni mukene. Ninachokosa ni kubishana na konda kwa lugha ninayoiota usiku, na kumwonyesha nauli imeandikwa.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Basi linavuka, unapita Geita, Bukoba, unagonga muhuri Mutukula. Mkenya anavuka Busia kwa kitambulisho chake cha taifa, sisi tunahitaji pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano. Akibadilisha pesa mpakani ataona noti zimeongezeka, kwa kuwa shilingi yetu moja inapata zaidi ya moja ya kwao. Nimemwomba asifurahi mpaka anunue chakula cha mchana.

Lililobaki ni la Kisenyi, basi linaposhusha. Nimesema sitampokea: ashuke na mtoto na begi, wapiga debe wamvute huku na huku, atafute taksi yake, akosee, aulize. Akamwambia mama. Mama akanipigia saa mbili usiku, hakusalimia. "Unamwacha mdogo wako stendi ya ugenini na mtoto mdogo?" Tumejadiliana siku tatu. Tulipofikia ni kwamba nitakuwepo Kisenyi, ng'ambo ya barabara, nimevaa kofia, na sitavuka isipokuwa mtoto akilia.