Detekta ya zamani kwa vipuri vya leo: tunafufua nini?

Detekta ya metali, chombo cha kutafutia madini ardhini, iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa imekufa baada ya kunyeshewa machimboni. Nilipofungua kasha nikakuta bodi yote imezamishwa kwenye gundi nyeusi iliyokauka kama jiwe, na kwenye pembe moja iliyobaki wazi kulikuwa na aisii (chipu za saketi) mbili zilizokwanguliwa maandishi. Mwenye nayo, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyechanga fedha na wenzake watatu kuinunua, alikuwa ananitazama usoni. Nilimrudishia ilivyo. Sikuwa na pa kuanzia.

Tangu siku hiyo nauchukulia kwa uzito mjadala ambao mafundi tumekuwa nao kwa muda: je, kuna maana kuzichukua saketi za detekta za zamani, ambazo michoro yake imezagaa, na kuzijenga upya kwa vipuri vya leo? Wapo wanaosema huo ndio ukombozi wa fundi na mchimbaji mdogo. Wapo wanaosema ni kuharibu risasi ya kulehemu bure, kwa sababu kampuni kubwa zimeshatuacha mbali. Mimi nasimama karibu na wale wa kwanza, ila si kwa sababu wanazozitoa.

Tuanze na iliyo rahisi kuliko zote, yenye osileta mbili, yaani saketi zinazotoa mitetemo ya umeme. Moja imefungwa kwenye koili, duara la waya, inayopita juu ya ardhi, nyingine imekaa ndani ya kasha. Ya kwanza ikipiga kilohezi 100.4 na ya pili 100, sikio linasikia ile tofauti tu, sauti ya hezi 400. Metali ikikaribia koili, masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanasogea na sauti inabadilika. Mwanafunzi wa sekondari mwenye redio ya AM na transista mbili anaweza kuijaribu jioni moja. Ubaya wake unajulikana kwa kila aliyewahi kuishika: jua likiipiga koili, masafa yanahama yenyewe, na mkono mmoja unabaki kwenye kitufe cha kurekebisha kutwa nzima.

Hapo kipuri cha leo kinaponya ugonjwa wa kweli. Maikrokontrola, kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ya bei ndogo inahesabu masafa ya koili ikiyalinganisha na kristali ya kwatsi isiyoyumba, kisha inayapuuza mabadiliko ya polepole na kupaza sauti kwa yale ya haraka. Kuhama kwa jua kumekwisha. Lakini angalia kinachopotea: ukiipitisha koili taratibu mno juu ya kitu, au ukasimama juu yake ili kukipata katikati, mashine inadhani ni jua tena na inakifuta. Ile ya zamani ingeendelea kulia. Fundi asiyeujua undani huu atasema programu ina kasoro, kumbe ndivyo alivyoiagiza mwenyewe.

Aina inayonivutia zaidi ni ya mipigo, ambayo Mwingereza Eric Foster ni mmoja wa waanzilishi wake. Unausukuma umeme mwingi kwenye koili kwa muda mfupi sana, kisha unaukata ghafla. Usumaku unapoporomoka, koili inarusha volti mia kadhaa, na ndani ya metali yoyote iliyo karibu inaamka mikondo midogo inayozunguka na kuchelewa kufa. Unasubiri maikrosekunde kumi au kumi na tano, halafu unasikiliza. Ukikuta bado kuna mnong'ono kwenye koili, chini kuna kitu.

Koili yangu niliizungushia kwenye beseni la plastiki lenye upana wa sentimita 25, mizunguko 25 ya waya wenye rangi ya kuhami, nikapata karibu maikrohenri 350, kipimo cha nguvu ya koili kuhifadhi usumaku. Saketi za zamani zilipanga muda wa mipigo kwa aisii ya 555, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa vitufe vinavyochakaa. Maikrokontrola inaupanga muda huo bila kuyumba, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mkondo ndani ya kipande kidogo cha dhahabu unakufa ndani ya maikrosekunde chache tu. Ukichelewa kusikiliza, umekikosa. Nilitarajia kipuri kipya ndicho kitanishusha kutoka maikrosekunde 15. Sivyo. Kilichonizuia kilikuwa waya zenyewe: mizunguko iliyobanana ilikuwa inahifadhi chaji na kuirefusha ile sauti ya koili isitulie. Nilifungua yote, nikasuka upya kwa waya wenye ganda nene la plastiki, nikabadili kebo pia, nikafika maikrosekunde 11 bila kugusa aisii hata moja.

Ndiyo maana siwaamini wanaotangaza kwamba saketi ya zamani ikipewa vipuri vya leo itakwenda chini mara mbili. Nguvu ya usumaku wa koili inapungua haraka sana kadiri unavyoshuka, na jibu la kitu kilichofukiwa linapungua tena likiwa njiani kurudi. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kupita ukubwa wa koili, ukizidisha kina mara mbili, sauti inayorudi inabaki sehemu moja ya 64. Hakuna aisii inayokulipa mara 64 kwa kubadilishwa. Unaweza kuongeza sentimita kadhaa kwa amplifaya (kikuza ishara) isiyo na kelele, na hizo si haba, lakini mtu asiuziwe ndoto ya mita.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi hapa, nayo ni udongo. Ardhi nyekundu yenye chuma, ambayo anayechimba kwetu anaijua vizuri, nayo inanong'ona baada ya mpigo. Detekta ya mipigo iliyojengwa kama zamani italia kwenye jiwe jekundu kama inavyolia kwenye dhahabu. Minelab ya Australia ilijenga jina lake miaka ya 1990 kwa kulishughulikia tatizo hilo hasa, kwa mipigo ya urefu tofauti na hesabu ya kuutoa udongo, kazi ya mvumbuzi wao Bruce Candy. Hilo silibezi. Fundi anaweza leo kusikiliza mara mbili baada ya kila mpigo, mapema na baadaye, akaliondoa moja kwenye lingine hadi udongo unyamaze. Nimefanya, na udongo ulinyamaza. Ila kuna kipande cha metali ambacho mkondo wake unakufa kwa mwendo uleule wa udongo, nacho kinanyamaza pamoja nao. Mashine za bei kubwa zinapambana na tundu hilohilo, kwa akili nyingi kuliko yangu.

Kuhusu betri sina mengi. Seli za lithiamu zimepunguza uzito mno, lakini kigeuzi cha volti cha bei rahisi kinatupa kelele moja kwa moja kwenye amplifaya. Kiweke mbali na koili, au kizimwe wakati wa kusikiliza.

Nina mipaka miwili ambayo sitaivuka. Wa kwanza ni mabomu ya ardhini: detekta ya kujengea mezani isikaribie kazi hiyo, iwe nzuri kiasi gani. Wa pili ni ahadi kwa wachimbaji. Dhahabu nyingi ya maduara yetu, mashimo ya wachimbaji wadogo, ni vumbi ndani ya mbale, yaani mawe yenye madini, na vumbi halisikiki kwa detekta yoyote, ya zamani wala mpya. Anayemwambia mchimbaji vingine anamla jasho lake.

Sasa, kwa nini bado niko upande wa kufufua? Mwaka 1941 huko Scotland, afisa wa jeshi la Poland lililokuwa uhamishoni, Józef Kosacki, alitengeneza detekta ya mabomu ya ardhini yenye uzito wa karibu kilo 14, inayobebwa na mtu mmoja. Hakuiombea hataza, aliikabidhi kwa jeshi la Uingereza. Mwaka uliofuata mashine 500 zilikuwa kwenye vita vya El Alamein, Misri, na matoleo yaliyotokana nayo yalidumu jeshini kwa takriban nusu karne. Chombo kilicho wazi kinapata mikono mingi ya kukitunza. Kilichofungwa kwa gundi nyeusi kina mikono ya aliyekitengeneza tu, naye yuko ng'ambo, na nauli ya kumpelekea mchimbaji hana.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule mwenye detekta iliyokufa. Nimemwambia ile ya beseni iko tayari kujaribiwa: haifikii kina cha aliyoizoea, na kwenye mawe mekundu itamsumbua. Mchoro wake nimeuchora kwa peni, nimeukunja ndani ya mfuniko pamoja na mosfeti (transista za kukata umeme) mbili za akiba. Ameniuliza kama fundi redio wa pale senta anaweza kuusoma. Nimemwambia aje naye.