Filamu bubu na swali la nani alipewa sura ya mhalifu

Februari 1915, mambo mawili yalitokea Marekani ndani ya muda wa siku 15. Tarehe 8, mjini Los Angeles, mwongozaji D. W. Griffith alizindua filamu ya karibu saa tatu ambayo dunia inaijua kwa jina la The Birth of a Nation. Tarehe 23, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya filamu ya Mutual dhidi ya jimbo la Ohio: filamu ni biashara kama biashara nyingine, haina kinga ya uhuru wa kusema, na bodi ya jimbo ina haki ya kuikagua kabla haijaonyeshwa. Msimamo huo ulidumu hadi 1952.

Ubishi kuhusu uhalifu katika filamu bubu kwa kawaida huzunguka swali moja: je, zilifundisha watu kuiba na kuua? Ni swali halali. Kwangu mimi, hata hivyo, madhara makubwa yalikuwa kwingine: katika kuamua nani apewe sura ya mhalifu, na kosa la nani lisamehewe.

Wakaguzi nao wasikilizwe, maana hawakuwa wajinga kama wanavyochorwa siku hizi. Mwaka 1903 kampuni ya Edison ilitoa The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter, filamu ya dakika kama 12. Majambazi wanamfunga kamba karani wa telegrafu, wanalipua sanduku la fedha, wanawapanga abiria kando ya reli na kuwapora, na abiria anayejaribu kukimbia anapigwa risasi. Mwishowe wanafuatwa msituni na kuuawa. Ila kuna picha moja ya ziada: jambazi, aliyeigizwa na Justus D. Barnes, anatutazama ana kwa ana na kutufyatulia bastola. Wenye kumbi za sinema waliachiwa waiweke mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Ikikaa mwishoni, jambazi aliyekwisha kufa anarudi kumpiga risasi mtazamaji, na adhabu yote iliyotangulia inakosa uzito. Mzazi aliyekuwa na mtoto kwenye ukumbi ule alikuwa na kila sababu ya kuuliza maswali.

Na watoto walikuwa wengi. Kiingilio kilikuwa senti 5, hakuna aliyewauliza umri. Chicago ilitunga sheria ya ukaguzi mwaka 1907 na kuikabidhi kwa polisi. New York, meya alizifunga kumbi zote mkesha wa Krismasi 1908. Ufaransa nako, polisi wa Paris walizuia kwa muda Les Vampires ya Louis Feuillade, mfululizo wa 1915 na 1916 kuhusu genge la wezi na wauaji. Ukimwona mwigizaji Musidora katika nafasi ya Irma Vep, mwanamke wa genge hilo, ndani ya vazi jeusi lililombana mwili mzima, utaelewa hofu yao: genge linavutia kuliko mwandishi wa habari anayelisaka.

Ushahidi wa kwamba mtazamaji alitoka ukumbini akaenda kuiba ulikuwa mwembamba, hata hivyo. Nchini Uingereza iliundwa tume kuhusu sinema, ikasikiliza polisi, walimu na watoto wenyewe, na ripoti yake ya 1917 ikasema kuna kesi chache zenye uhusiano na sinema, lakini haijathibitika kwamba ongezeko la uhalifu wa vijana lilitokana nayo. Ilikuwa miaka ya vita. Baba wengi walikuwa mstari wa mbele, na jambo hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu vijana waliobaki mitaani.

Upande wa pili, wa wanaopinga ukaguzi, una hoja nzito zaidi kuliko ile ya sanaa kuwa huru. Filamu bubu zilionyesha uhalifu unavyozaliwa. Mfano wangu ni The Musketeers of Pig Alley, filamu fupi ya Griffith huyohuyo ya mwaka 1912, kuhusu magenge ya vichochoroni New York. Kuna wakati kiongozi wa genge, Snapper Kid, aliyeigizwa na Elmer Booth, ananyata kando ya ukuta kuelekea kwenye kamera, taratibu, hadi uso wake unajaa skrini. Macho yanazunguka, shingo imekakamaa. Huoni shetani pale. Unaona kijana mwenye hofu ambaye amejifunza kuificha kwa ubabe. Mwishoni wapenzi wawili maskini wanamdanganya polisi ili kumwokoa, kwa sababu aliwahi kumwokoa yule mwanamke asiwekewe dawa kwenye kinywaji. Kisha mkono wa mtu asiyeonekana unaingia kwenye picha na kumpa Snapper Kid noti. Maandishi yanayotangulia yanatuambia kwamba haya yote ni viungo vya mfumo mmoja. Hakuna hotuba ya kanisani iliyoeleza rushwa ya mjini kwa ufupi kiasi hicho.

Sasa shida ilipo. Filamu isiyo na sauti haiwezi kumfichua mwongo kwa kutetemeka kwa sauti yake. Hatia lazima ionekane kwa macho, tena haraka: kofia iliyoshushwa usoni, masharubu, mgongo uliopinda, jicho la pembeni. Njia rahisi kuliko zote ya kumfanya adui wa stelingi atambulike mara moja ilikuwa kumpa rangi ya ngozi au asili ambayo watazamaji walikwisha kuichukia kabla ya kuingia ukumbini.

The Cheat ya Cecil B. DeMille, ya mwaka huohuo wa 1915, inaonyesha wazi mambo yalivyokwenda. Mke wa tajiri, Mzungu, anachukua dola 10,000 za msaada na kuzipoteza katika uwekezaji. Anakopa kwa mfanyabiashara Mjapani, aliyeigizwa na Sessue Hayakawa, kwa sharti la kumpa mwili wake. Anapotaka kurudisha fedha badala ya kutimiza sharti, mwanamume huyo anampiga chapa ya moto begani. Naye anampiga risasi. Mahakamani anafunua bega, umati unamrukia Mjapani kutaka kumuua, na mwanamke anarudi nyumbani akishangiliwa. Sitetei alichofanya yule mwanamume. Ni ukatili mtupu. Lakini wizi wa zile fedha za msaada umekwenda wapi? Hakuna anayeuliza tena. Wajapani wa Marekani walilalamika, na filamu ilipotolewa upya mwaka 1918 suluhisho likawa kubadilisha maandishi tu: Mjapani akageuzwa kuwa mtu wa Burma.

The Birth of a Nation ilikwenda mbali zaidi. Gus, mtu Mweusi anayemkimbiza msichana Mzungu hadi anajirusha kutoka mlimani, aliigizwa na Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wanamuua, na filamu inataka tushangilie. Baadaye mwaka huohuo kundi hilo, lililokuwa limekufa, lilifufuliwa huko Georgia. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kilitaka filamu ipigwe marufuku au ikatwe. Ohio ikaipiga marufuku, kwa mamlaka yaleyale ambayo Mahakama ya Juu ilikuwa imeyabariki.

Hapa ndipo msimamo wangu unapobanwa. Wale NAACP walikuwa sahihi kuhusu madhara, na siwezi kumwambia aliyeishi chini ya tishio la kunyongwa na umati kwamba angoje mjadala. Lakini tazama kisu hichohicho cha ukaguzi kilipoelekezwa miaka mitano baadaye. Oscar Micheaux, mwongozaji Mweusi, alipeleka Within Our Gates mbele ya bodi ya Chicago, miezi michache baada ya ghasia za Julai 1919 zilizoua watu 38, 23 kati yao Weusi. Bodi ilikataa kwanza, kisha ikairuhusu ikiwa imekatwa. Baadhi ya viongozi wa dini, Weusi kwa Weupe, walitaka isionyeshwe kabisa.

Walichoogopa ni hiki. Mkulima mpangaji, Landry, anakwenda kwa mwenye shamba kulipa deni lake. Mwenye shamba anapigwa risasi kupitia dirishani na Mzungu mwingine aliyekuwa amedhulumiwa naye. Tunaliona tukio lenyewe, halafu tunaliona lilivyosimuliwa na gazeti, Landry akiwa ndiye muuaji. Umati unawakamata yeye na mkewe na kuwanyonga. Kwa mantiki ya wakaguzi, zote mbili, hii na The Birth of a Nation, zilikuwa filamu za kuchochea fujo. Kipimo chao kilihesabu bastola na kamba, hakikuuliza nani anasema uongo. Nadhani hilo linatosha kukataa ukaguzi wa aina ile, hata ulipoangukia filamu niliyotamani izuiwe.

Filamu ya Micheaux ilipotea kwa miongo mingi, hadi nakala moja ilipopatikana Hispania na kukarabatiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1993. Zote nne nilizozichambua kwa kirefu, pamoja na ya Porter, zinapatikana bure mtandaoni. Anayetaka kuupima ubishi huu mwenyewe aanze na Pig Alley, na aitazame ya Micheaux mara tu baada ya ile ya saa tatu.