Samaki wa Siki na Vioo vya Aarhus

Kwa kuwa shoga yangu amekwisha kuisimulia habari hii katika kundi letu, tena kwa kuniigiza sauti, na kwa kuwa tangu jana usiku napokea salamu za pole kutoka kwa watu ambao hata misibani hawaonekani, naona ni haki yangu kuieleza mwenyewe. Jambo moja mlielewe mapema: mshtakiwa hapa ni kioo.

Mnajua kwamba niko Aarhus, Denmark, na mnajua pia kwamba mama mkwe wa shoga yangu ndiye aliyejitolea kututembeza. Juzi alitupeleka Moesgaard, jumba la makumbusho ambalo paa lake limeinama hadi kugusa ardhi na kuoteshwa majani, watu wakalipanda kwa miguu. Humo amelazwa Mtu wa Grauballe, aliyefukuliwa kinamasini mwaka 1952 na wachimba mboji. Marehemu huyo alikatwa koo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, lakini ngozi, nywele na kucha zake zipo hadi leo, kwani kinamasi kilimhifadhi na kumgeuza rangi ya kahawia yenye kung'aa. Tulipomaliza kumtazama, tukaenda nyumbani kwa mama mkwe kula sild, ambaye ni samaki asiyepikwa, aliyelowekwa katika siki na sukari, akalazwa juu ya mkate mweusi mzito. Wenye kuelewa wameshaelewa.

Jana ilikuwa zamu ya ARoS, jumba la sanaa lililo katikati ya mji. Sitawachosha na yule mvulana wa Ron Mueck, ambaye pamoja na kuchuchumaa kimo chake kinakaribia mita 5. Twende moja kwa moja juu ya paa, maana ndiko nilikoaibikia. Huko msanii Olafur Eliasson alijenga njia ya duara yenye urefu wa mita 150, iliyofunguliwa mwaka 2011 na kuzungushiwa vioo vya rangi zote za upinde wa mvua, kiasi kwamba unapotembea ndani yake mji mzima unakuwa mwekundu, halafu wa machungwa, halafu wa njano, na kuendelea. Nisichokijua ni kwamba katika sehemu nyekundu, koti jekundu na koti jeupe ni koti moja.

Shoga yangu alivaa jekundu. Yeye na mkwewe walikuwa wamebaki nyuma wakitazama mnara wa kanisa kuu, jambo ambalo mimi sikuliona kwa sababu macho yangu yalikuwa bandarini. Nikanyoosha mkono, nikashika kiwiko cha koti lililokuwa ubavuni mwangu, nikaanza kutoa yaliyonijaa kifuani.

"Shoga, mkweo ni mtu mwema, Mungu amzidishie, lakini yule samaki wake na yule marehemu wa Grauballe ni baba mmoja, mama mmoja. Rangi ileile! Mimi nilikuwa natafuna huku namwombea."

Shoga hakujibu, nami nikachukulia kwamba ameniafiki. Tulipoingia kwenye machungwa nilikuwa nimehamia kwenye mkate. Kwenye njano koti nalo likawa la njano, nikasema moyoni kwamba huyu msanii ni fundi kwelikweli. (Msinicheke, mngekuwa pale mngesifu vilevile.) Kwenye kijani nilikuwa nalalamikia desturi ya kufungua madirisha asubuhi katika baridi ile, ndipo kile kiwiko kilipoanza kutikisika kwa kicheko, na sauti nisiyoijua ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Pole sana, mwanangu. Endelea tu."

Nikageuka. Alikuwa mama wa Kidenmark, umri wa bibi yangu. "Shikamoo" ikanitoka yenyewe, naye akaitikia "Marahaba" bila kusita, akanieleza kwamba Kiswahili alijifunza ujanani Usa River, karibu na Arusha, katika kituo cha mafunzo cha Wadenmark, na kwamba hakutaka kunikatiza kwa sababu hajakisikia kwa miaka mingi.

Hapo naomba twende polepole. Mama mkwe akatufikia, akawasalimu wote, akamuuliza yule mama kwa Kidenmark kinachochekesha ni nini. Wadenmark niliowaona mimi, ukiwauliza swali hukujibu hilohilo ulilouliza. Yule mama akaanza kutafsiri, kituo kwa kituo. Kidenmark sikijui, ila masikio yangu yalinasa "sild". Nikajipa moyo kwamba pengine nasifiwa. Halafu, katika sentensi hiyohiyo, likaja "Grauballemanden". Shoga yangu akageukia bahari, mabega yakimcheza. Mama mkwe akaweka kiganja mdomoni, akafikiri, akauliza swali fupi, na mkalimani wangu akanigeukia kwa upole wote: "Anauliza, ni rangi tu, au na ladha?"

"Mwambie ni rangi tu, mama."

Yaliyobaki ni mafupi. Walicheka wote watatu, tukashuka, tukanywa kahawa, mama mkwe akalipa. Shoga yangu anadai kwamba nilikimbia, lakini njia yenyewe ni ya duara, sasa ningekimbilia wapi? Wale wazee wawili wamepeana namba za simu, na mkalimani amealikwa chakula cha mchana Jumapili. Kutakuwa na sild. Ndege yangu ni Jumatatu.