Kichwa kikubwa cha alizeti si mavuno

Kila msimu wa kuvuna alizeti husambaa picha ileile: mkulima amekumbatia kichwa kipana kama sinia, na watu wanampongeza na kuulizia mbegu. Inaniuma, kwa sababu sioni anayeuliza kile kichwa kilikuwa na majirani wangapi shambani.

Mara nyingi kichwa cha namna ile ni ushahidi kwamba shamba lilikuwa na mapengo. Alizeti ya mafuta haitoi matawi ya kuzaa. Ikipewa nafasi, nguvu zote zinaishia kwenye kichwa kimoja. Tupige hesabu. Ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mche mmoja kila shimo, hekta inabeba mimea 44,444. Ukipanda 90 kwa 60, inabeba 18,518. Ili shamba la pili lilifikie la kwanza, kila kichwa lazima kitoe mbegu zenye uzito mara 2.4. Vichwa vitanenepa, lakini kunenepa kuna kikomo, na jua linalopiga udongo mtupu linalisha magugu tu. Halafu hata uzito ukilingana, mafuta hayalingani! Mbegu za vichwa vikubwa mno mara nyingi huwa na ganda jingi zaidi kwa kulinganisha na kiini, katikati hujaa mapepe, na kichwa chenyewe hukauka polepole. Mvua ikikikuta kimeinama, kinaoza kwa nyuma. Mashineni hakuna anayepima upana wa kichwa. Kinachopimwa ni mafuta.

Haya, nakubali shingo upande: mvua ikiwa haba, kubana ni hatari. Mizizi inagombea maji yaleyale, na mimea inaweza kukauka kabla mbegu hazijajaa. Hata penye mvua nzuri, ukizidisha, mashina hurefuka membamba na upepo unayalaza. Kwa hiyo sisemi tujaze tu.

Ninachosema ni kwamba tupunguze miche. Hapa ndipo tunaposhindwa, na sababu ni huruma. Mtu anatia mbegu tatu kwenye shimo, zote zinaota, kisha anaona dhambi kung'oa mche wenye afya. Anaiacha yote mitatu inyang'anyane, huku shimo la pili halikuota kitu na hakurudishia. Shamba hilo lina msongamano na mapengo kwa wakati mmoja. Ng'oa miche ya ziada ingali midogo, udongo una unyevu. Ukichelewa, iliyobaki imeshadhoofika.

Karanga zina sababu yao ya ziada ya kutoachiwa mapengo: zikikaribiana na kufunika udongo mapema, vidukari wanaoeneza rozeti, ugonjwa wa virusi unaodumaza mmea, hawavutiwi nazo kama zilizotawanyika. Ufuta wa matawi huziba mapengo wenyewe kwa kiasi fulani. Usio na matawi hauwezi, hivyo ujue aina yako kabla ya kunyoosha kamba.

Badala ya kupiga picha ya kichwa kimoja, chukua kamba ya mita 10, inyooshe kwenye mstari wowote wa alizeti na uhesabu. Kwa nafasi ya sentimita 30 unatakiwa ukute mimea kama 33. Ukikuta 20, zaidi ya theluthi ya shamba lako haikupandwa, hata kama uliipalilia yote.