Euro 28 kwa kichwa kile kile

Jumamosi iliyopita nilinyolewa kwa dakika 17. Nina uhakika, maana kinyozi wangu hapa Hamburg ana saa kubwa ukutani. Nilikaa saa tisa kasoro tano, nikainuka saa tisa na dakika kumi na mbili. Kichwa tu. Ndevu zina bei yake, euro 14, nikasema hizo nitapambana nazo mwenyewe bafuni. Nikatoa 28, nikaongeza 2 za bakshishi kwa sababu ndiyo desturi, nikashukuru mara tatu, nikatoka kwenye baridi kifua mbele kama niliyefanyiwa upendeleo.

Kosa langu ni kutuma picha ya kisogo kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma wote sekondari. Mmoja akauliza bei, nikamwambia, kejeli zikaanza. "Elfu themanini na ushee? Kichwa kile kile tulichokuwa tunakipiga makonzi?" Mwingine akauliza kama wamenipa na kofia. Nilicheka nao. Katikati ya kicheko, jamaa mmoja, mtu mzima, ana gari, amejenga Kimara, akaandika kwamba yeye kinyozi wake amepandisha kutoka buku tatu, yaani shilingi elfu tatu, hadi buku nne, na amemhama. Watu kumi na moja wakamwekea dole gumba. Hapo kicheko kilinikauka.

Najua kinachofuata. "Haya, wa ughaibuni ameanza, sasa hata kunyoa atatufundisha." Tuelewane mapema. Mimi ni mbeba boksi, na sisemi kwa mafumbo: saa kumi na mbili asubuhi nipo ghalani, nayapanga maboksi kwenye paleti mpaka mgongo uniite jina langu kamili. Euro 28 inaniuma. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nanyolewa na Mkongo mmoja jikoni kwake, kwa euro 8 na sahani ya wali, tukiwa watano kwenye foleni ya ngazi. Alipohamia mji mwingine niliomboleza kama nimefiwa.

Kwa hiyo sijigambi na bei. Ila bei hii imenifundisha kitu ambacho kwetu Dar, pale Sinza, nisingekiona hata kwa miwani: hapa vitu ni rahisi, ghali ni mtu. Kwetu ni kinyume chake, na tumezoea mpaka tunaona ndiyo sheria ya maumbile.

Kinyozi wangu wa sasa ni Mghana, yupo jirani na Steindamm, ule mtaa wa nyuma ya stesheni kuu ambako ukitafuta ndizi za kupika, rasta au mafuta ya mawese huvikosi. Duka halikufunguliwa kwa kukodi fremu na kununua kioo tu. Ujerumani kujifunza unyozi ni miaka 3, unakwenda shule na unafanya kazi kwa fundi. Halafu ukitaka saluni yako, kwa kawaida lazima uwe na cheti cha juu zaidi, cha fundi mkuu, au umwajiri aliyenacho. Mwaka 2004 serikali iliziondolea kazi 53 za ufundi sharti hilo. Vinyozi wakabaki nalo. Kichwa cha mtu, wakaona, si cha kujifunzia. Ongeza kodi ya mauzo asilimia 19, bima, kodi ya duka, na mshahara ambao tangu Januari 2026 hauruhusiwi kushuka chini ya euro 13.90 kwa saa. Sasa euro 28 inaanza kueleweka, hata kama inaendelea kuuma.

Na wana maudhi yao, msidhani nimepofuka. Siku yangu ya kwanza kutafuta saluni ya kawaida ilikuwa Jumatatu. Nikazunguka mitaa mitatu, zote zimefungwa. Nikadhani kuna msiba wa kitaifa. Kumbe saluni nyingi hapa Jumatatu hazifungui, kwa sababu Jumamosi walifanya kazi na binadamu anahitaji kupumzika. Jumanne nikampata mama mmoja, akanishika nywele kwa vidole viwili kama anapima ubichi wa nyanya, akaniambia kwa upole kwamba hizi hajazisomea. Miaka mitatu ya mafunzo, nywele za kipilipili hazimo. Halafu kuna hii habari ya miadi. Mghana wangu mwenyewe ameshaambukizwa: ukichelewa dakika kumi, nafasi yako kapewa mwingine, na anakwambia "pole, braza" bila kugeuka. Mghana! Mwafrika mwenzangu! Nyumbani ningemkuta anakula, ningemsubiri amalize, tungegombana kuhusu Yanga na Simba, ndipo ninyolewe.

Wakati wa korona ndipo nilipoona wenyewe wanavyolichukulia jambo hili. Saluni zilifungwa tarehe 16 Desemba 2020. Wenye busara wanasema kinyozi hajinyoi; mimi hata ukinyozi sina, nikajinyoa, na kisogoni nikajichongea matuta ya mihogo. Nilivaa kofia mpaka kazini. Zilipofunguliwa tarehe 1 Machi 2021, kabla ya maduka mengi mengine, watu walipanga foleni kwenye baridi kana kwamba kuna mgao wa sukari, na hakuna niliyemsikia akiuliza kama bei itapungua.

Turudi Sinza. Kinyozi wangu wa Kijiweni alininyoa tangu nikiwa chuo hadi usiku wa kuamkia safari. Dakika 45, hazipungui. Anaanza na mashine, anabadilisha namba, anachonga mbele kwa kiwembe ambacho amekufungulia ukiona kwa macho yako, spiriti, unakunja uso, poda, kisha anakukanda kichwa na mabega mpaka unasinzia. Anajua una harusi lini. Anajua kipele chako cha kisogoni kinachukia mashine gani. Siku moja umeme ulikatika nikiwa nusu kichwa, akanichukua hivyo hivyo na shuka shingoni hadi fremu ya tatu yenye jenereta, akamlipa mwenye jenereta jero mfukoni mwake, akamaliza. Mimi nikalipa buku mbili. Za kwake zilikuwa ngapi mle ndani, baada ya hesabu ya bosi, luku na ile jero? Sikuwahi kuuliza. Mkesha wa Idi alikuwa anasimama tangu asubuhi hadi saa saba za usiku, na sisi tuliokaa kwenye benchi tunamkoromea afanye haraka.

Halafu mtu wa Kimara anamhama kwa sababu ya buku moja.

Ndiyo, nawasikia. "Wewe unalipwa kwa euro, sisi kwa madafu, usitulinganishe." Haya, tupige hesabu, nimekaa nayo wiki nzima. Euro 28 ni saa mbili za kazi za anayelipwa kidogo kuliko wote kisheria hapa. Huko nyumbani kima cha chini cha mtumishi wa serikali ni shilingi 500,000 kwa mwezi tangu Julai 2025. Gawanya kwa siku 22, gawanya kwa saa nane, unapata kama 2,800 kwa saa. Buku tatu yako ni saa moja na kidogo. Kwa hiyo ukiacha kubadilisha fedha na kuanza kupima kwa jasho, mimi sikuzidi mara ishirini na saba kama mlivyokuwa mnacheka. Nimekuzidi mara mbili tu. Na wewe umekaa kwenye kiti dakika 45 na kukandwa, mimi nimepewa 17 nikatolewa.

Mtaniambia wengi hawaifikii hiyo laki tano, wa bodaboda, wa genge, mama wa chapati. Kweli kabisa, na hao siwaongelei. Ajabu ni kwamba hao ndio hulipa bila maneno. Nimekaa kwenye benchi lile miaka, nimeona: dereva wa boda anatoa buku mbili yake kabla shuka halijakung'utwa, na mwenye Prado iliyoziba njia nje ndiye anayesema "fundi, sina chenji, nitakupitishia jioni." Jioni ya mwaka gani?

Hesabu ya kubadilisha fedha mnayoipenda nayo ina lake. Ukinyoa mara mbili kwa mwezi kwa buku tatu, mwaka mzima ni 72,000. Mwaka mzima! Haifikii kichwa changu kimoja cha Jumamosi. Simu uliyoshika unaposoma hapa ni vichwa vya miaka mingapi? Kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa jirani wa shemeji yako, laki moja, unatoa unatabasamu, jina lisomwe. Bia ya tano huulizi bei. Ikifika kwa mtu aliyeshika wembe karibu na mshipa wa shingo yako, ghafla umekuwa mhasibu.

Mwingine atasema nimetukuza wazungu, kwamba hapa kila mtu analipa kwa moyo mweupe. Hapana. Mwaka 2016 Wafaransa walikaribia kuchana nguo walipojua kwamba kinyozi wa Rais Hollande analipwa euro 9,895 kwa mwezi kutoka mfuko wa serikali, na nywele zenyewe za mzee mlizionea huruma hata ninyi. Hapa Hamburg kila siku nasikia wenyeji wakinung'unika kwamba kunyoa kumekuwa anasa, na vijana wanakimbilia kwa vinyozi wa Kituruki na wa Syria wenye bei nafuu. Wananung'unika, lakini wakifika kwenye kaunta wanalipa. Sijaona hata mmoja akisema atapita jioni.

Mke wangu amesoma mpaka hapa juu ya bega langu, ameguna. Yeye akisuka ni euro 130, rasta anakwenda nazo mwenyewe, saa sita kwenye kiti, na akirudi hawezi kulala upande wowote. Anasema mwanaume mwenye dakika 17 hana haki ya kuandika. Anakumbuka Mwenge, wasusi wawili, mmoja kila upande, chai na maandazi, saa tatu umekwisha, na umbea wa mtaa mzima umeupata bure. Nilipomwuliza alikuwa anawalipa ngapi alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo mada nyingine.

Desemba ya mwaka juzi nilikwenda likizo. Siku ya pili tu nikawa Kijiweni. Yupo, kaongezeka tumbo, kile kioo kilichopasuka pembeni kipo, picha za mitindo ukutani zimepauka mpaka vichwa vyote vimekuwa rangi moja. Akaninyoa dakika zangu 45. Nilipoinuka nikampa msimbazi, noti ya elfu kumi, nikamwambia chenji abaki nayo. Nilijiona mtu wa maana, nisiwafiche. Akaitazama ile noti, akanivuta pembeni, akarudisha saba mfukoni mwangu. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "hawa kwenye benchi wakiona unalipa kumi, watajua nimepandisha. Kesho sina mtu."

Nikabisha, akakataa. Nikamwambia basi niambie unachohitaji. Akafikiri, huku anakung'uta shuka. Akasema mashine. Isiyo na waya, betri ikae walau saa tatu, ili umeme ukiondoka asiwe anawatembeza watu nusu vichwa mtaani.

Nimeinunua wiki hii, baada ya yale mazungumzo ya kundini. Euro 112. Ni vichwa vyangu vinne kwa Mghana. Yeye atanyolea nayo Sinza nzima na vitongoji vyake. Imo kwenye boksi lake, na vitana vyote, gramu 900 pamoja na chaja. Kama kuna anayeshuka Dar kabla ya Idi na ana nafasi kwenye begi, aniambie. Na yule wa Kimara, kwa kuwa najua utasoma: nimeulizia, kinyozi uliyemhama anasema bado una deni lake la buku sita.