Lekchara akiondoka, video zake ni za nani?

Januari 2021 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia kule Montreal alikuwa anasoma kozi ya historia ya sanaa online, akataka kumwandikia imeli profesa anayemwona kwenye video, kugugo jina, kumbe François-Marc Gagnon alishafariki tangu 2019. Kozi inaendelea, ada zinalipwa, kazi zinasahihishwa na watu wengine, na anayefundisha ni marehemu.

Hii stori imenikaa sana, manake hata hapa Kenya tangu korona vyuo vimejaza mihadhara kwenye mifumo yao, na ukiuliza zile video ni za nani unaona watu wanatazamana. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoitunga ukiwa kwenye ajira haki zake zinaenda kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Sasa ni wangapi wameandikishana hivyo vingine?

Msimamo wangu ni huu: noti, slaidi na video ni za aliyeziandaa, chuo kipewe ruhusa ya kuzitumia akiwa bado yuko kazini, akihama au akifa wamtafute yeye au familia wakubaliane upya na walipe. Najua kuna watakaosema si alilipwa mshahara, ndiyo alilipwa, alilipwa kufundisha lile darasa la ile semesta, hakuuza sura na sauti yake milele! Na zile noti aliziandika usiku kwa laptop yake na bando lake, kila mwaka anafuta hapa anaongeza pale.

Hataza (patent) za uvumbuzi wa maabara ni kesi tofauti, mashine na kemikali ni hela za chuo au za mfadhili, hapo kugawana ni haki. Ila hata huko kila kitu kinategemea ulichosaini. Stanford walishindwa na Roche kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani 2011 kwa sababu mtafiti wao aliwasainia kwamba anakubali kukabidhi haki baadaye, halafu akaenda kwa kampuni ya Cetus, ambayo haki zake zilikuja kununuliwa na Roche, akasaini kwamba anakabidhi papo hapo. Chuo kikubwa vile, kiliangushwa na sentensi ya fomu yake chenyewe.

Kwa hiyo UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu hapa Kenya, wakikaa tena mezani kwa ajili ya CBA, yaani mkataba wa pamoja na waajiri, wasiishie kwenye mshahara na marupurupu ya nyumba, umiliki wa hizi video uingie humo na uandikwe.